Mbwa wa Mama Nesi na Mchumba Wangu

“Mama Nesi, shikamoo. Huyu mbwa ananyamaza leo au nihame?”

“Marahaba, mwanangu. Hama tu, nitakusaidia kubeba godoro.”

Ilikuwa Alhamisi, saa nne na nusu asubuhi. Mama Nesi, muuguzi mstaafu, alikuwa ameketi kwenye kibaraza chake anachambua mchele. Mimi nilisimama mbele yake, hedifoni zinaning’inia shingoni, nimefura kwa hasira. Kati yetu alikuwa Meneja, mbwa wake, amefungwa kamba kwenye nguzo ya geti dogo la nyuma, anabweka mpaka miguu ya mbele inanyanyuka.

“Anabweka kwa ajili ya nini? Hakuna mtu hapa!”

“Kulikuwa na mtu. Kapita.”

“Nani?”

“Mimi nachambua mchele, sichungulii mageti. Nimeona mgongo tu, na migongo ya wanaume haina majina.”

“Mama Nesi, mimi nafanya kazi ya masikio!”

“Na mwenzako anafanya kazi ya mdomo. Kila mtu na ajira yake.”

Nikarudi chumbani nikaubamiza mlango. Meneja akaujibu.

Niwaeleze kazi yangu, maana ndiyo iliyoniponza na ndiyo iliyoniokoa. Mimi ni mnakili. Watu wanarekodi vikao vyao, mahojiano yao, ugomvi wao wa mirathi, halafu wananitumia sauti. Mimi naandika kila neno, na nani kalisema. Kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa saba mchana najifungia: dirisha nimefunga, pazia nimeshusha, hedifoni masikioni. Nyumba nzima ya wapangaji inajua kwamba saa hizo hata ungekuja na tarumbeta sitoki. Kilichokuwa kinapenya ni sauti ya Meneja peke yake. Alimbwekea mzoa taka, alimbwekea paka, aliibwekea hata shuka iliyoanikwa ikipigwa na upepo. Nilikuwa silali vizuri, sili vizuri, na harusi yangu ilikuwa imebaki wiki tano.

Jioni ile nikampigia mchumba wangu. Yeye anauza matangi ya maji, na pale kwetu wanamwita Bwana Matangi. Jumanne na Alhamisi huwa tawi la pili la kampuni yao, mwendo wa saa tatu kwa basi.

“Mpenzi, umefika?”

“Ndio kwanza nashuka kwenye basi. Mgongo wote unauma.”

“Pole. Mimi leo nimeshindwa kumaliza hata faili moja. Huyu mbwa atanitia wazimu.”

“Kabweka tena?”

“Saa nne na nusu, utadhani kaona jambazi.”

Akasafisha koo. Ana kawaida hiyo, hawezi kuanza jambo zito bila kusafisha koo.

“Basi nitalimaliza mimi. Naongea na mwenye nyumba aitishe kikao, Jumamosi ya wiki ijayo. Huyo mbwa aondoke kabla ya harusi.”

“Kweli?”

“Nani mwingine atakutetea? Si mimi ndiye nitakayekuja kuishi hapo na wewe? Wewe andika tu kila siku kabweka saa ngapi.”

“Nitarekodi kabisa. Ile simu yangu ya zamani nitaiweka dirishani kwa nje.”

Akasafisha koo tena.

“Ya nini kurekodi? Usihangaike. Andika saa tu, inatosha.”

Mjinga mimi, nikaona ananihurumia. Tena wanaume wangapi wanakubali kuhamia chumbani kwa mke kwa sababu kazi ya mke iko pale? Nililala usiku huo nikimshukuru Mungu kwa kunipa mtu muungwana.

Kesho yake nikaenda kupimwa gauni. Fundi cherehani wangu ni jirani yangu, chumba cha mwisho kule nyuma, hatua chache tu kutoka kwenye geti la Meneja. Miaka miwili tumekuwa mashoga wa kuazimana chumvi na kuambiana siri.

“Fundi, gauni limefika wapi?”

“Bado mikono. Nyoosha mgongo.” Akanizungushia futi kiunoni. “Umepungua, shoga.”

“Si huyu mbwa!”

“Huyo afukuzwe tu,” akasema, pini amezibana mdomoni. “Nasikia kuna kikao. Mimi nitakuwa wa kwanza kunyoosha mkono.”

“Kumbe na wewe anakukera?”

“Ananifukuzia wateja.”

“Na suti ya bwana harusi utaiweza? Nimlete umchukue vipimo?”

“Vyake ninavyo.”

“Unavyo? Tangu lini?”

Akatoa pini moja mdomoni, akaichoma kwenye kitambaa.

“Si ulinitumia wewe mwenyewe kwenye simu? Harusi imekuchanganya, mwenzangu.”

Tukacheka. Sikukumbuka kumtumia, ila siku hizo nilikuwa sikumbuki hata nimeweka wapi mswaki.

Jumatatu nikaanza kurekodi. Kila asubuhi niliiweka ile simu ya zamani kwenye ukingo wa nje wa dirisha langu, linalotazama geti la nyuma, nikaiacha hadi saa saba. Mchumba wangu sikumwambia, nilitaka nimshangaze kikaoni na ushahidi uliokamilika. Ijumaa nikavaa hedifoni, nikakaa kumnakili Meneja.

Jumatatu ilikuwa nyepesi: mzoa taka, paka, mzoa taka tena. Nikafungua Jumanne. Saa nne na dakika kumi na mbili, Meneja akalipuka. Nikaandika, “Mbwa anabweka. Kelele nyuma,” nikapita.

Halafu mkono wangu ukasita. Kelele gani hizo?

Kazi yetu ina sheria yake. Sauti usiyoielewa unairudia mara tatu, na ya tatu unaipunguza mwendo. Mara ya kwanza nikasikia mbwa na geti. Mara ya pili nikasikia mtu anasafisha koo. Mara ya tatu, polepole, kila neno likatoka peke yake:

“Bosi, bosi, taratibu. Nimekuletea ngozi.”

Mchumba wangu anamwita kila mtu bosi. Kondakta ni bosi, baba yangu ni bosi, mtoto wa miaka mitatu ni bosi. Kumbe na mbwa.

Meneja akanyamaza, anatafuna. Kikafuata kicheko cha mwanamke, na sauti ya mtu aliyezoea kuongea na pini mdomoni:

“Pita upesi. Mwenyewe kashavaa madude yake masikioni.”

Hawakupita upesi. Walisimama palepale getini wakaongea mengine, na mimi niliyasikia yote. Nikafungua Alhamisi. Saa nne na dakika ishirini: mbwa, koo, bosi, ngozi.

Nikasimama. Nikakaa. Nikaosha kikombe kilichokuwa safi, nikakiosha tena. Nikasogeza kitanda, sijui kwa nini, nikakirudisha. Miaka sita naishi kwa kutambua sauti za watu, na siku ile nilibishana na masikio yangu mwenyewe. Nikasema labda si yeye. Nikasema nimpe nafasi, aseme mwenyewe. Nikapiga simu.

“Mpenzi, Jumanne ulikuwa wapi?”

“Tawi la pili, si unajua ratiba yangu.”

“Kulikuwaje?”

Akasafisha koo.

“We acha tu, joto balaa. Matangi mawili yamerudishwa yamepasuka, nimeshinda juani na mafundi. Kwani vipi?”

“Basi tu. Na jana?”

“Hukohuko. Bosi wangu, una nini leo?”

“Sina kitu.”

Uongo ule ulikuwa na matangi, mafundi na jua kali ndani yake. Nusura niuamini, na faili liko wazi mbele yangu. Dakika tano baadaye ukaingia ujumbe wake:

“Kesho saa 3 niko hapo. Usilie tena. Mbwa anaondoka. Nakupenda sana mke wangu.”

Nikausoma mpaka herufi zikapoteza maana. Sikuwa nimemaliza kuusoma, mama akapiga.

“Mwanangu, shangazi zako wote wamekata tiketi. Nimewaambia walale kwangu.”

“Mama, hivi ukigundua jambo kuhusu mtu kabla hujaolewa naye...”

“Jambo gani?”

“Jambo tu.”

“Mwanamume gani hana jambo? Usianze kuchimbachimba, wiki nne hizi. Vumilia kidogo, ukishaingia ndani utazoea. Umekula?”

“Nimekula.”

Sikuwa nimekula. Nikarudi kwenye kompyuta, kidole kikawa juu ya kitufe cha kufuta. Ningebonyeza mara moja tu, kesho mbwa angeondoka, mwezi ujao ningekuwa mke wa mtu, na hakuna ambaye angejua isipokuwa mimi. Nilimpenda yule mtu. Nilishachagua hata majina ya watoto wetu. Nikakaa hivyo, kidole kimekufa ganzi, mpaka nje kukawa giza.

Faili sikulifuta. Nikalichapa.

Jumamosi saa tatu tukakutana uani. Waliokosa kiti wakakalia ndoo zilizopinduliwa. Mwenye nyumba alikuwa na shada lake la funguo na daftari. Mama Nesi alikuja amemshika Meneja kamba, kajifunga kitambaa kichwani utafikiri anakwenda mahakamani. Fundi aliketi mbele yangu, akanikonyeza. Mchumba wangu alisimama nyuma yangu, shati limenyooka, mkono begani kwangu. Mkono ule ulikuwa wa moto na sikuuondoa.

Alipoanza tu kusema, Meneja akabweka. Kisha akaacha, akatikisa mkia, akavuta kamba hadi akafika kunusa mfuko wa suruali yake.

“Mbona kama wanajuana hawa?” akasema dereva wa lori, mpangaji wa chumba cha kwanza.

“Mbwa wote wananipenda, bosi,” mchumba wangu akajibu, akirudi nyuma. Akasafisha koo. “Ndugu wapangaji, mchumba wangu anateseka. Usingizi hana, kazi haziendi. Tunaheshimu wazee, ila mbwa huyu aondoke.”

“Nikimwondoa nabaki na nani?” Mama Nesi akauliza. “Ana miaka minane hapa. Kaanza kazi kabla yenu nyote.”

“Tupige kura,” akasema mwenye nyumba. “Wanaotaka mbwa aondoke?”

Mkono wa Fundi ukawa wa kwanza juu.

“Samahani, baba mwenye nyumba,” nikasema. “Kabla ya kura, ushahidi wangu usomwe.”

“Soma, binti.”

Nikasimama. Nikaishika karatasi kwa mikono miwili. Nikasoma kwa sauti ile ninayotumia kuhakiki kazi za watu, isiyopanda wala kushuka.

“Jumanne. Geti la nyuma, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi. Wasemaji wawili. Mbwa anabweka kwa sekunde arobaini. Sauti ya kiume: Bosi, bosi, taratibu. Nimekuletea ngozi.”

“Mpenzi,” mchumba wangu akaninong’oneza, “tulikubaliana uandike saa tu.”

“Mnakili haruki maneno,” nikamjibu, nikaendelea. “Sauti ya kike: Pita upesi. Mwenyewe kashavaa madude yake masikioni. Sauti ya kiume: Yule hata paa limwangukie hasikii. Wote wawili wanacheka.”

Funguo za mwenye nyumba zikaacha kulia.

“Sauti ya kike: Na ukishaoa je? Sauti ya kiume: Nikishaoa ndiyo itakuwa rahisi. Nitakuwa naishi hapahapa. Shida ni huyu mbwa tu. Mbwa akiondoka, tumemaliza.”

Nikakunja karatasi. Mkono wa Fundi, ambao ulikuwa bado hewani kumfukuza Meneja, ukashuka taratibu mpaka mapajani.

“Eeeh!” akasema dereva wa lori. “Yaani mbwa ndiye aliyekuwa anawabania?”

“Sauti hizo ni za nani?” akauliza mwenye nyumba, kalamu tayari.

“Sikuandika majina,” nikasema. “Wenyewe wapo kikaoni.”

“Huu ni uzushi!” Bwana Matangi akapaza sauti. “Siku hizi watu wanatengeneza sauti kwa kompyuta!”

“Basi na Meneja katengenezwa na kompyuta,” akasema Mama Nesi, “maana mfuko wako anaujua vizuri mno.”

Meneja alikuwa bado anaunusa. Watu wakaangua kicheko, na kicheko kile kikaniumiza kuliko faili lote. Fundi akainuka, akakwaa ndoo, akaenda zake kule nyuma bila kumtazama mtu. Nilitaka kumwita. Miaka miwili ya chumvi na siri, na sikupata hata tusi la kumrushia.

“Sasa,” mwenye nyumba akakohoa, “hoja ya mbwa inakuwaje? Inafutwa?”

“Haifutwi,” nikasema. “Anabweka mno. Naomba ahamishiwe geti la mbele.”

“He! Kakuokoa, bado unamshitaki?” Mama Nesi akashangaa.

“Ananivurugia kazi, Mama Nesi. Asante, lakini ananivurugia kazi.”

Uso ukamlegea.

“Haya, mwanangu. Geti la mbele. Na leo mchana uje kwangu ule, umekonda.”

Bwana Matangi alinifuata mpaka mlangoni kwangu.

“Nisikilize.”

“Nimekusikiliza mara tatu. Ya tatu nimepunguza mwendo.”

“Yule hana maana kwangu, naapa. Nakupenda wewe. Ungekuwa wewe si wa maana, ningekuoa?”

“Umeniona sisikii ndiyo maana unanioa.”

“Ni maneno tu yale! Mtu anasema upuuzi ili amfurahishe mwenzake. Tusahau, tusonge mbele. Wazee wanajua, kadi zimetoka.”

“Gauni langu anashona yeye.”

“Tutatafuta fundi mwingine!”

Nikacheka. Nilicheka mpaka machozi yakatoka, na yalipotoka yakagoma kukatika. Nisiwafiche, hata pale mlangoni nilikuwa bado nampenda. Angeniambia ukweli siku ile ya simu, angesema tu, “Nimekosa, nilikuwa pale,” huenda leo ningekuwa nawasimulia hadithi nyingine. Alinyoosha mkono anifute machozi. Nikafunga mlango. Aligonga, akaita, akagonga, halafu nikasikia viatu vyake vinakwenda. Akatoka kwa geti la mbele. Sijui kama aliwahi kulitumia siku za Jumanne.

Nikaketi kitandani, nikampigia mama kabla ujasiri haujaniisha.

“Mama, harusi hakuna.”

“Unasemaje?”

“Hakuna, mama. Alikuwa na mwanamke mwingine. Fundi wangu wa gauni, humuhumu ndani.”

“Nani kakwambia? Watu wana wivu, mwanangu, watu wanapenda kuvunja...”

“Nimemsikia mwenyewe. Kwa masikio yangu.”

Nikangoja anikumbushe tiketi za shangazi, kadi, umri wangu. Nilishaandaa majibu ya yote. Nilisikia akiweka sufuria chini, akifunga mlango wa jikoni.

“Baba yako yuko sebuleni,” akasema, ameishusha sauti. “Mwaka wetu wa kwanza wa ndoa nilimsikia anaongea na mwanamke pale dirishani kwetu. Nilipunguza redio ili nisikie vizuri.”

“Mama...”

“Nikasikia. Halafu nikaiongeza, mpaka juu. Wewe umekua na redio ile, kila siku unanilalamikia, mama, mbona inapiga kelele asubuhi mpaka jioni. Nilikuwa nakwambia napenda habari.”

Miaka thelathini na moja ya ndoa yao nilikuwa naihesabu kwa fahari mbele za watu.

“Shangazi zako nitawapigia mimi,” akaendelea. “Na baba yako nitamwambia mimi. Leo.”

Nikamsikia akitembea. Akafungua mlango, akapita mahali ambapo sauti ya mtangazaji ilikuwa kubwa, na baba akauliza kitu kwa mbali. Kisha redio ikazimwa. Sikuwahi kuisikia nyumba yetu ikiwa kimya namna ile.

“Haya, mwanangu,” mama akasema. “Anza upya, unieleze yote. Nakusikia.”